Mpe Mti Bega

Vijana wa mtumbwi, asalaam aleikum. Ile siku ya kuniaga mlinipa kiti kikubwa chenye mito, mkasema mzee sasa pumzika. Ahsanteni. Kiti kiko hapa sebuleni na anayekikalia ni Mama Fardosa, mke wangu, kwa sababu mimi nikikikalia miguu inaanza kutafuta kitu cha kusukuma. Chai ikimiminwa, kabla haijapoa nimeshasimama. Naenda mtoni kuangalia maji, narudi, naenda tena. Jana alinifungia mlango wa uani. Akasema kama siwezi kukaa na watu basi nikae na kalamu, niandike hayo ninayowaambia mbuzi kila siku. Ndiyo haya.

Mambo ya cheo hamtayaona humu. Niliingia mpiga kafi nikatoka mpiga kafi. Shule nimesoma mpaka darasa la tatu. La nne nyasi ziliota mbali, tukahama na ngamia, mwalimu hakuhama na sisi. Kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya, mlaumuni ngamia.

Mimi ni mtoto wa ngamia, hilo mnalijua. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na ndugu yake, Adeer Gedi. Adeer ni baba mdogo, na kwetu huyo ni baba kamili, fimbo yake haina upungufu wowote. Adeer Gedi alikuwa na sifa moja huku kote juu ya Balambala: kufunga mzigo. Siku ya kuhama, nyumba nzima inapanda juu ya ngamia. Fito, mikeka, vibuyu vya maziwa, sufuria, mbuzi aliyezaliwa jana, mtoto juu yake. Mzigo huo tunauita rar. Adeer akiufunga, unaweza kumkimbiza yule ngamia na mtoto asiamke.

Lakini hata rar ya Adeer iliweza kulala upande, njia ikiwa mbaya. Hapo kuna kazi moja tu. Aliye karibu anaingiza bega chini ya upande unaoanguka, anabeba, mpaka kamba ikazwe tena. Haulizi, haangalii, haweki kikombe chini kwanza. Ukichelewa ngamia anashtuka, anakimbia, na nyumba yako unaiokota vichakani kijiko kimoja kimoja. Adeer alikuwa na kelele moja ya hiyo kazi, "Rar kulia" au "Rar kushoto," na sisi watoto tulikuwa tunarusha bega hata usingizini. Kumbukeni hilo, nitalirudia. Mzee Jillo, mwenzangu wa mtumbwi, alikuwa anasema mimi nikianza hadithi nafunga ng'ombe hapa na kwenda kukamua kule. Ni kweli, lakini narudi.

Ukame ulikuja, ukachukua mbuzi wangu. Ngamia walikuwa wa Adeer, wangu walikuwa mbuzi. Nikaja Balambala na fimbo na viatu vya tairi, nikawa nabeba maji kwa mitungi. Zahanati ilikuwa inatafuta mtu wa kupiga kafi na Mzee Jillo kwenye mtumbwi wa kupeleka chanjo vijijini, maana mwenzake alikuwa amechoka na viboko, au viboko walikuwa wamechoka na yeye. Mzee Jillo alikuwa Mmalakote, mtu wa mto toka babu wa babu. Mfupi, mabega kama mlango, meno mawili ya mbele hana. Nikamkuta ameinama anaziba ufa wa mtumbwi kwa gundi ya mti.

"Unajua kuogelea?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Hapana."

"Umewahi kupanda mtumbwi?"

"Hapana."

"Mbuzi wako wamekufa wangapi?"

"Wote."

"Basi huna pa kurudi. Panda."

Hiyo ndiyo ilikuwa intavyuu. Siku hizi nasikia mnaulizwa mnajiona wapi baada ya miaka mitano.

Siku ya kwanza nilisimama nyuma na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, nikasimama vile mfugaji anasimama na fimbo yake, mguu mmoja umepumzika juu ya goti la mwingine. Mzee Jillo akasema sukuma. Nikachoma upondo kwenye tope kwa nguvu zote. Mtumbwi ukaenda. Upondo ukabaki. Mimi nikabaki na upondo. Wanawake waliokuwa wanafua wakaacha kufua. Mzee Jillo hakucheka. Alirudi taratibu, akazunguka ule upondo mara moja akiniangalia pale juu, akasema, "Ukimaliza kuchunga mbuzi huko, teremka tufanye kazi."

Habari zilimfikia Adeer kabla nguo zangu hazijakauka. Kwetu wakati ule samaki hakuwa chakula, alikuwa tusi. Adeer alikuja sokoni kuuza dume, akanikuta nimebeba kafi begani, akanipita. Halafu akageuka akaniita, "Warya, Kalun." Warya ni kama kusema wewe, na kalun ni samaki. Tangu siku hiyo jina langu la Noor akaliacha. Mbele ya wazee, mbele ya wakwe zangu, Kalun. Mtumbwi aliuita jeneza. Aliapa hatakanyaga ndani yake mpaka aoshwe na avikwe sanda, na hata hapo alituomba tumbebe kwa miguu.

Sasa kazi yenyewe. Nyinyi mmeletewa boti ya injini, na kwenye mto mkubwa ni kitu kizuri. Ila Gurati mtaenda na kafi, msidanganyane. Gurati ni kijiji cha msituni, kwenye mkono wa mto tunaouita Farta, yaani kidole. Farta inachomoka kwenye Tana juu huko, inajipenyeza ndani ya msitu wa mikuyu na mikoma, halafu inarudi kwenye mto karibu na Balambala. Kiangazi unaweza kuvuka kwa kuruka mawe. Mvua ikinyesha milimani, na huku kwetu jua linawaka kama kawaida, Farta inajaa na kuwa njia pekee, maana barabara imekatwa na laga, vile vijito vya msimu, kila upande. Mahali pengine ni pembamba kiasi kwamba ukinyoosha kafi unagusa miti ya pande zote. Matawi yamefunga juu, nyani wanakutukana kichwani, chini kuna mizizi. Injini hapo inakula mizizi mpaka inatapika.

Kupanda tulikuwa tunakaa kando ya ukingo, kwenye maji yaliyolala, tunasukuma kwa upondo kutwa nzima. Kushuka ni kafi, na kushuka ndiko kunakoua. Mzee Jillo mbele akiangalia, mimi nyuma nikielekeza. Mawe ya Farta si makubwa, lakini maji yanapopita juu yake yanachemka, na mtumbwi wa mti mmoja haupendi kuchemshwa. Alinifundisha hivi. Ukiona maji yamekunjwa na ncha ya mkunjo inakuelekea wewe, chini ya hiyo ncha kuna jiwe, limekusubiri. Ukiona maji laini yameingia kati ya mawe mawili kama ulimi wa ng'ombe, ncha imeenda mbele, fuata ulimi. Usipige kafi kwa hasira. Nenda haraka kidogo kuliko maji au polepole kidogo kuliko maji. Ukienda sawa na maji wewe ni gogo tu, na gogo halina usukani.

Vifaa: kafi mbili na ya akiba, upondo, panga, shoka dogo, kamba, na kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo la kukumba maji. Kopo lifungwe na uzi. Kopo lisilofungwa litaondoka siku unayolihitaji, nimewahi kukumba maji kwa kiatu cha daktari.

Kitu kikubwa kuliko vyote ni magogo. Mafuriko yanakula ukingo, mkuyu unaanguka, unalala toka ukingo mpaka katikati ya njia. Maji yanapita chini na kati ya matawi yake. Mtumbwi haupiti. Ukiwahi kuuona, unatoka kando, unashuka, unakata au unaburuta mtumbwi nchi kavu. Usipowahi, unabebwa ubavu mpaka ubavu wa mtumbwi unalala kwenye gogo, na maji yanakusukuma kwa nyuma. Na hapo, vijana, mwili wa mtu wa nchi kavu unafanya kosa. Gogo linakuja, wewe unalikimbia, unaegemea kule unakotoka. Upande ule ndio unaopokea maji. Unashuka kidogo, maji yanaingia, kwisha. Mtumbwi unapinduka na kuwekwa chini ya gogo kama barua chini ya mlango, na wewe ndani.

"Mpe mti bega," Mzee Jillo alikuwa anasema. "Anakuja kukupiga, mkumbatie." Ukiegemea gogo, upande wa nyuma unainuka, maji yanapita chini ya mtumbwi, mnatulia. Kisha mnajivuta kwa mikono mpaka penye nafasi. Na matawi ya juu usishike kabisa. Sisi wafugaji tukiogopa tunashika mti, mtoto akimwona fisi anapanda mti. Kwenye mtumbwi ukishika tawi, wewe unasimama na mtumbwi unaendelea, na hilo nililijua toka siku ya upondo. Lakini kulijua kichwani hakukunisaidia. Alinipeleka kwenye gogo dogo, maji ya kiunoni, akaniangusha pale siku baada ya siku, mpaka bega langu likajua peke yake.

Miaka ikaenda. Akaja Sista Mwende, muuguzi, mtu wa Kitui. Wiki ya kwanza alikaa katikati ya mtumbwi amefumba macho, kisanduku cha chanjo kati ya magoti, anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ndogo. Mwaka haukuisha akawa anampa mti bega kabla hatujamwambia. Watoto wa Gurati walimwogopa kuliko mamba.

Basi ilikuwa masika moja ya mafuriko mabaya. Tulipanda Gurati na chanjo. Tulifika jioni, na asubuhi nikakuta ngamia wa Adeer juu kwenye mwinuko, wamekimbia maji, na Adeer mwenyewe yuko kwenye hema la mkwe wake. Hakutoka kunitukana. Hilo ndilo lilinitia wasiwasi. Nikaingia nikamkuta amepiga magoti, paji la uso kwenye mkeka, na haikuwa wakati wa swala.

"Adeer, vipi?"

"Tumbo."

"Tumbo gani?"

Akanivuta kola, akaninong'oneza. Tangu jana asubuhi mkojo haujatoka. Hata tone. Na nikimwambia yule mwanamke wa Kitui, hatanisamehe duniani wala akhera.

Nikatoka moja kwa moja nikamwambia yule mwanamke wa Kitui.

Mwende aliingia, akamlaza, akaligusa tumbo chini ya kitovu. Lilikuwa gumu kama ngoma, na Adeer, mtu niliyemwona akitolewa mwiba wa mgunga kwenye jicho la mguu bila kukunja uso, alilia kama mwanambuzi.

"Mzee, unahitaji mpira wa kupitisha mkojo," Mwende akasema. "Hapa sina, nilileta chanjo tu. Uko Balambala kwenye kabati. Usipowekwa leo, figo zinaharibika, na hicho kibofu kinaweza kupasuka."

"Nani ataweka?"

"Mimi."

Adeer akaangalia ukuta wa hema.

"Mzee, nimewawekea wanaume wengi kuliko ngamia wako."

"Ngamia wangu hawahesabiwi," Adeer akasema.

"Na wanaume wangu pia. Tunaenda?"

Kwa nchi kavu hakuna njia, laga zimejaa. Kwa mto mkubwa, kwanza tupande mpaka Farta inapochomoka, siku nzima, halafu tushindane na miti inayoelea. Ilibaki Farta, kushuka na maji yaliyopanda usiku. Adeer alijua. Aliangalia jeneza langu pale ukingoni kwa muda mrefu.

"Nitakaa," akasema. "Silali. Anayelala humo ni maiti."

Mzee Jillo mbele, Adeer nyuma yake, kisha Mwende, mimi mwisho. Adeer alikaa mgongo umenyooka, kilemba kichwani, amekamata ubavu wa mtumbwi mkono huu na huu kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Kila tulipoguswa na wimbi alitoa pumzi kwa meno.

Hatujaenda mbali akasema simamisha, nikojoe, unakuja. Tukasimama kwenye kichanga. Tukageuza nyuso. Tukangoja. Hakuna. Tukapanda tena. Mbele kidogo, simamisha. Mzee Jillo akaanza kuguna, maana maji yalikuwa yanazidi kupanda, na kila yanapopanda matawi ya juu yanakaribia vichwa.

"Mto umeziba, mzee ameziba," akasema. "Na wote wawili mimi ndiye natakiwa kuwafungua."

"Mwambie huyo mla samaki," Adeer akaniambia, "mimi simjui."

"Mwambie mzee wa ngamia anijue haraka, tuko kwenye mtumbwi mmoja."

Tukaingia mahali pembamba. Maji yakatuchukua kwa kasi, tawi la mkuyu likaja usawa wa kifua. Mzee Jillo akainama, na Adeer, bila kufikiri, akalidaka kwa mikono miwili. Mtumbwi ukaendelea chini yake. Nikamwona anainuka toka kwenye kiti chake kama nguo inayoanikwa. Mwende akamkamata kiuno, akamvuta chini, na Adeer akapiga kelele ya maumivu ambayo nyani waliijibu.

"Achilia mti, mzee," Mzee Jillo akasema bila kugeuka. "Ama baki nao, ujumbe wowote tutafikisha."

"Nilikuwa nasimamisha."

"Husimamishi wewe. Hapa anasimamisha Mungu peke yake."

Adeer akakamata tena ubavu wa mtumbwi. Nilikuwa naona shingo yake tu, jasho linatiririka. Ndipo nikaelewa kitu. Huyu mtu atafanya tena. Si ukaidi. Mwili wake wote ulifundishwa nchi kavu, kama wangu, na hakuna muda wa kumwangusha kwenye maji ya kiunoni siku baada ya siku.

Na gogo lilikuwa pale pale nyuma ya kona. Tulipopanda siku iliyotangulia halikuwepo. Mkuyu mzima, majani bado mabichi, umelala toka ukingo wa kulia kukata njia, umebaki mdomo mdogo upande wa kushoto karibu na vichwa vya matawi. Nikachimba kafi kuelekea kule. Maji yalikuwa na mawazo yao. Yakatugeuza ubavu, ubavu wa kulia mbele, tunakwenda kwenye gogo.

"Mpe bega!" Mzee Jillo akapaza sauti.

Yeye akaegemea kulia, Mwende akaegemea kulia, mimi kulia. Adeer akafanya anachofanya mtu mwenye akili timamu akiona mti mkubwa unamjia. Akajitupa kushoto. Na alikuwa mtu mzito. Tukagonga. Ukingo wa kushoto ukashuka, nikaona maji ya kahawia yanaweka mdomo pale, yanaingia taratibu, bila fujo, kama mtu anayejua nyumba ni yake. Mwende akapiga kelele, "Mzee, kulia, egemea mti!" Adeer akazidi kujivuta kushoto. Kuegemea kile kinachokuua, nani atakubali?

Sijui nilitoa wapi. Sikufikiri. Nilipiga kelele ya kwake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, ile ya utotoni.

"Adeer, rar kulia!"

Vijana, alikwenda kama jiwe la kombeo. Aliachia ubavu wa mtumbwi, bega la kulia likaruka, akalisukuma kwenye gome la ule mkuyu na kulibana pale, shavu limelala kwenye mti, miguu imekaza, kama anabeba nyumba yake yote na watoto juu. Ukingo wa kushoto ukainuka. Maji yakaacha kuingia, yakaanza kupita chini yetu.

"Kamba iko wapi?" Adeer akauliza, shavu kwenye gome. "Kazeni, nimeshika."

"Shika hivyo hivyo," nikamwambia. "Tunakaza."

Tukajivuta kwa mikono, shubiri kwa shubiri, tukipita kando ya lile gogo, Adeer akihamisha bega bila kuliondoa, mpaka kwenye ule mdomo wa kushoto. Mzee Jillo akakata matawi mawili kwa panga, tukapita. Mbele kulikuwa na mawe na ulimi mmoja mzuri wa maji. Tukaufuata, ukatutema kwenye mto mkubwa, na mabati ya Balambala yakaonekana yanawaka jua. Nilikumba maji miguuni mwa Adeer kwa lile kopo. Lilikuwa limefungwa.

Zahanati, Mwende alifunga pazia. Mimi nilikuwa nje ya hilo pazia, na nawaambieni, nimesikia mvua ya kwanza baada ya ukame ikigonga bati, nimesikia visima vikijibu ndoo, lakini sijasikia sauti tamu ya maji kama ile ya siku ile kwenye beseni. Ilikwenda, ikaenda. Mzee Jillo, aliyekuwa amekaa kwenye benchi anakamua nguo, akasema tu, "Huyo alikuwa na Tana nzima."

Walipofungua pazia Adeer alikuwa amelala chali, macho kwenye dari, uso wa mtoto. Akaniita kwa kidole.

"Kalun. Ule mzigo nani aliufunga?"

"Mzigo gani?"

"Ulioanguka. Niliubeba lakini sikuuona. Ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa wewe, Adeer."

Alifikiri. Kicheko kilianza tumboni, kikampata pale penye mpira, akajikunja, akanitukana ukoo mzima, ambao ni ukoo wake. Barabara ilipofunguka alipelekwa Garissa, wakamtengeneza. Jina hakulibadilisha. Ila siku moja nilimsikia hotelini akiwaambia wazee wenzake, "Huyu ni Kalun wangu," na mzee mmoja alipocheka, Adeer aliweka kikombe chini akamwangalia mpaka akamaliza kucheka. Na kisanduku cha chanjo, kile mlichokikuta kimefungwa katikati ya mtumbwi kwa fundo la ajabu ambalo hakuna aliyeweza kulifungua bila kunitafuta, fundo hilo ni lake. Alikuja kulifunga mwenyewe. Msilikate kwa kisu, nitakuja kuwaonyesha.

Mzee Jillo alifariki kitandani kwake, nchi kavu, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Mwende alihamishwa. Adeer yupo, anatembea na fimbo mbili.

Na ndipo nifike kwenye jambo mlilonilaumu. Ni kweli, mwezi uliopita, kabla ya mvua, mtumbwi uliondoka asubuhi bila ruhusa. Ni mimi. Adeer alikuja kunitembelea, akakaa kidogo kwenye kile kiti chenu, akasimama, akakiangalia kwa chuki. Akasema, "Kiti hiki kitakuua. Twende ukanionyeshe ule mti."

"Mti gani?"

"Wangu. Wazee hotelini hawaamini ukubwa wake."

Tukaenda na mjukuu wa Mzee Jillo akitusaidia kupandisha mtumbwi kwa mkokoteni mpaka karibu na Gurati, kisha tukashuka sisi wawili. Maji yalikuwa machache, safi, unaona mchanga. Adeer alikaa mbele, kilemba kichwani, mikono kwenye magoti. Tawi likapita juu yake, akaliangalia tu. Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu mnipe kile kiti.

Tukakata ile kona. Mkuyu haukuwepo. Hata kisiki, hata tundu ukingoni. Mafuriko ya mwaka mwingine yaliusomba, mchanga umejaa, mti mwingine mdogo umeota upande wa pili. Ningepotea kama nisingejua mawe. Nilitaka kumwambia, Adeer, mti umeondoka, lakini yeye alishaitambua kona. Mgongo ukanyooka. Safari hii hakungoja kuitiwa rar. Bega la kulia likaruka, lote, kwa uzito wake wote, kwenda kuubeba ule mti.

Tulikaa kwenye maji ya kiunoni, mtumbwi umelala kifudifudi kando yetu, kopo linaelea kwenye uzi wake. Kilemba kilikuwa kimeenda. Adeer alipangusa uso, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama kule chini maji yanakokwenda.

"Mimi nahama," akasema. "Ngamia anahama. Mti unaohama bila kuaga sijawahi kuona."

"Huku ndivyo ilivyo, Adeer."

"Basi geuza jeneza lako, Noor. Twende tukautafute."